Ukifika Unguja Mjini, Utalala Kwenye Nyumba ya Nani?

Kila likizo inapokaribia napata swali lile lile kutoka kwa jamaa na marafiki: "Wewe si mwandishi wa habari, hebu niambie, nikienda Zanzibar nilale wapi na nione nini?" Wengi wanataka jibu la mistari miwili. Jina la hoteli, bei, basi. Nami huwajibu kwa swali: unakwenda pwani au unakwenda mjini? Kama unakwenda pwani, Nungwi na Paje huko, maneno yangu ya leo hayakuhusu sana. Nenda kaogelee, Mungu akulinde na jua. Lakini kama unataka kuuona mji wenyewe, yaani Mji Mkongwe, basi ujue kwamba "nilale wapi" na "nione nini" ni swali moja. Karibu kila gesti na hoteli mle ndani ni nyumba ya mtu. Ilijengwa kwa fedha ya biashara fulani, ikabadilisha mikono kwa sababu fulani, na leo wewe unapewa ufunguo wake na mhudumu anayetabasamu. Ukilipia kitanda umelipia na hadithi. Na baadhi ya hadithi hizo, ndugu zangu, zimetiwa chumvi mpaka hazilиki.

Kwa hiyo leo tutembee taratibu. Nitakutajia mitaa, nitakutajia majengo, na kila mahali tutaulizana: hii nyumba ilikuwa ya nani?

Kwanza uelewe mji ulivyokaa. Mji Mkongwe uko kwenye kipande cha ardhi kilichochomoza baharini upande wa magharibi wa kisiwa. Zamani nyuma yake palikuwa na mkono wa bahari, maji yakijaa mji ulikuwa kama umekatwa kutoka kisiwani. Ulivuka kwa daraja, ndiyo maana mpaka leo soko kuu liko mahali panapoitwa Darajani ingawa daraja lenyewe hulioni. Mkono ule wa bahari ulifukiwa, na juu yake ikapita barabara ambayo Waingereza waliiita Creek Road na ambayo sasa ni Barabara ya Benjamin Mkapa. Upande wa pili wa maji paliitwa Ng'ambo. Jina limebaki. Shika neno hilo, Ng'ambo, tutalirudia.

Mawe yalianza kurundikana kwa nguvu baada ya Seyyid Said wa Oman kuhamishia makao yake hapa kutoka Muscat, katika miaka ya 1830 na kufikia 1840. Kabla ya hapo palikuwa na Ngome Kongwe, ambayo Waomani walianza kuijenga mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kuwafukuza Wareno, juu ya mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao hao. Said alileta mikarafuu mashambani kwa wingi, na mikarafuu ilitaka mikono, na mikono ilikuwa ya watumwa waliotolewa bara. Pembe za ndovu nazo zilishuka kutoka bara, mara nyingi kwenye mabega ya wapagazi. Fedha za kuendesha misafara zilitoka kwa wenye mitaji wa Kihindi. Ukitaka kujua nyumba za ghorofa tatu za Shangani na Kiponda zilijengwa kwa nini, jibu ni hilo: karafuu, pembe, watu, na riba.

Halafu kuna ufundi wenyewe. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo, nene kama nusu mita au zaidi. Dari zinabebwa na boriti za mikoko. Sasa boriti ya mkoko haina urefu mkubwa, ikizidi mita tatu hivi inaanza kuwa taabu kuipata iliyonyooka. Ndiyo maana chumba chako, hata kama ni cha bei mbaya na kitanda cha nakshi, kitakuwa kirefu na chembamba kama behewa. Usimlalamikie mwenye gesti. Mlalamikie mkoko.

Haya, tuanzie Shangani, maana ndiko wageni wengi wanakopelekwa. Ni mtaa wa pwani, wenye hoteli kubwa na upepo mzuri, na bei zake zinajua hivyo. Ukiona hoteli inayoitwa Tembo, ujue kwamba jengo hilo katika karne ya 19 liliwahi kuwa ubalozi mdogo wa Marekani. Watu wengi hushtuka: Wamarekani walikuwa wanatafuta nini Unguja? Walitafuta biashara, na walifika kabla ya wengi. Walitia saini mkataba na Seyyid Said mwaka 1833, na balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara kutoka Salem kule Massachusetts, alifika mwaka 1837. Uingereza ilikuja kuweka wake mwaka 1841. Wamarekani walileta kitambaa cha pamba ambacho bibi zetu wamekiita amerikani mpaka karne iliyofuata, wakaondoka na pembe za ndovu. Pembe hizo zilikwenda kukatwa kwenye viwanda vya Connecticut zikawa vibonye vya piano. Yaani binti wa New England alikuwa anajifunza muziki kwa vidole vilivyokaa juu ya jino la tembo wa Unyamwezi au Manyema, lililobebwa na mtu hadi pwani. Ukilala hapo, fikiria hilo kabla hujasinzia. Baada ya hapo furahia bahari, umeilipia.

Hatua chache kutoka hapo ni uwanja wa Kelele na jengo la Mambo Msiige. Jina linajieleza: haya ni mambo, na ninyi msiige. Lilijengwa karibu na katikati ya karne ya 19 na Mwarabu tajiri wa ukoo wa Al-Harthy, na wenyeji wanasimulia kwamba chokaa yake ilichanganywa na mayai ili iwe ngumu. Wengine wanasimulia kwamba watumwa walizikwa wazima kwenye kuta zake. La mayai silipingi. La pili kila mji wenye jumba kubwa na historia mbaya unalo, na siwezi kukuambia ulishike kama ushahidi. Lililo wazi ni kwamba baadaye lilikuwa ofisi ya ubalozi mdogo wa Uingereza kwa miaka mingi, likawa ofisi za serikali, na mwaka 2015 likafunguliwa kama hoteli ya nyota tano pamoja na jengo jipya pembeni yake. Jengo hilo jipya liliwatia wasiwasi watu wa UNESCO, ambao wameuweka Mji Mkongwe kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, kwa sababu ya ukubwa wake na namna lilivyobana ufukwe. Mimi si mtaalamu wa majengo. Nasema tu kwamba waliopewa jina la Mambo Msiige wameigwa, na kisha wakapitwa.

Nyuma yake kidogo kuna nyumba ya Tippu Tip. Hii si hoteli, ni nyumba unayokwenda kuitazama kwa nje: mlango mkubwa wa nakshi, na kuta zilizochoka. Tippu Tip, jina lake hasa Hamed bin Muhammed el Murjebi, alifanya biashara ya pembe na watumwa mpaka ndani ya Kongo, akawa karibu mtawala kule Manyema, akarudi Unguja kuzeeka na akafia mjini hapa mwaka 1905. Aliacha maisha yake kwa maandishi, na aliyaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo moja ya tawasifu za mwanzo kabisa za lugha yetu iliandikwa na mfanyabiashara ya watumwa. Tunalisoma darasani kama suala la fasihi na kupita haraka. Baada ya Mapinduzi nyumba yake ilikaliwa kwa miaka mingi na familia kadhaa za watu wa kawaida, kila moja na chumba chake, nguo zikianikwa kwenye veranda la bwana mkubwa. Sijui kama historia ina ucheshi, lakini pale ilikaribia.

Shangani pia kuna hoteli ya Africa House, iliyokuwa klabu ya Waingereza. Enzi zake Mwafrika aliingia pale akiwa amebeba sinia. Siku hizi kila mtu anapanda juu kutazama jua likizama, na soda moja inatosha kukununulia kiti. Nenda. Na Serena, ile iliyo mbele ya bahari kabisa, imekaa ndani ya jengo la zamani la kampuni ya simu za maandishi. Waya wa chini ya bahari uliifikia Unguja kutoka Aden mwaka 1879, na tangu hapo London iliweza kumwambia balozi wake la kufanya siku hiyo hiyo badala ya kungoja meli kwa wiki kadhaa. Ukiuliza ukoloni uliingiaje haraka vile miaka ya 1880, usisahau waya huo.

Sasa ingia ndani. Mimi binafsi, nikiwa na fedha za kawaida za mwandishi, silali Shangani. Nalala Kiponda au Malindi, kwenye gesti ndogo ya ngazi kali na taa hafifu, ambako asubuhi unaamshwa na adhana kutoka misikiti mitatu kwa mpigo, na baadaye kidogo na mtu anayegonga vikombe vya kahawa. Huko watu bado wanaishi. Watoto wanakwenda chuoni na juzuu mkononi, mama anashusha kikapu kwa kamba kutoka ghorofani muuza mboga atie mchicha. Chagua mtaa ambao una watu wanaoishi. Hilo ndilo jibu langu la kwanza kwa "nilale wapi", na linatangulia suala la nyota.

Njia ya kwenda huko inapita Hurumzi. Mtaa huu una hoteli iliyotengenezwa ndani ya nyumba zinazohusishwa na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyekuwa na mkono kwenye forodha na kwenye mikopo ya misafara. Maelezo yanayotolewa kuhusu jina la mtaa ni kwamba hapa Waingereza walishughulikia malipo ya kuwaacha watumwa huru, na neno "huru" likabaki kwenye jina. Wageni wakisikia hivyo wanalainika macho. Lakini sikiliza vizuri nani alilipwa. Sheria ya kukomesha utumwa Unguja ilitoka mwaka 1897, na fidia walipewa mabwana kwa kupoteza mali yao. Mtumwa hakupewa senti. Alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake mbele ya mahakama. Na masuria hawakuhesabiwa kwenye sheria ile mpaka mwaka 1909. Kwa hiyo ukisimama Hurumzi, umesimama mahali ambapo uhuru ulikuwa na risiti, na risiti ilikuwa ya bwana.

Ninaposema nyumba zilibadilisha mikono, lazima tuseme la 1964, ingawa wengi wanaotembeza wageni hulirukia kama dimbwi la maji. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliua watu wengi na kuwafukuza wengine wengi, hasa Waarabu na Wahindi. Nyumba zilitaifishwa. Familia kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba zikapewa vyumba ndani ya majumba ambayo baba zao walikuwa wakiyaona kwa nje. Kwa waliohamia ilikuwa haki iliyochelewa. Kwa walioondoka ilikuwa kupoteza kila kitu, pamoja na makaburi. Usimwachie mtu yeyote akusimulie upande mmoja tu. Ukimpata mzee mpole, kwanza mwamkie shikamoo, halafu usiulize. Kaa tu naye, kama anataka atasema.

Kilichofuata ni hesabu. Pango la serikali lilikuwa dogo sana, na nyumba ya chokaa inataka kutunzwa kila mwaka: paa lizibwe, mfereji usafishwe, ukuta upakwe. Hakuna aliyekuwa na fedha wala sababu. Maji yakaingia, boriti zikaoza, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zinaanguka moja baada ya nyingine. Mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, wakati ambao pia serikali ilianza kulegeza biashara na kuuza baadhi ya majengo kwa watu binafsi. Hapo ndipo gesti zilipozaliwa. Kwa hiyo ukweli wenye pande mbili ni huu: utalii umeokoa majumba mengi yasianguke, na utalii huo huo umewaondoa watu waliokuwa wakiishi ndani yake. Sijaona mtu mwenye jibu rahisi kwa hilo na mimi sinalo.

Lipo na suala la vyoo, msicheke. Nyumba hizi zilijengwa kuwa na choo kimoja au viwili, chini, karibu na kisima. Hoteli inataka bafu katika kila chumba mpaka ghorofa ya tatu. Bomba likivuja ndani ya ukuta wa matumbawe halionekani mpaka ukuta umelewa maji. Wengine huficha unyevu kwa kupiga lipu ya saruji, na saruji inaufungia humo humo, chokaa iliyo ndani inakuwa uji. Ukitaka kujua gesti yako inaendeshwa na mtu mwenye akili, tazama ukuta wa bafuni na uliza kama wamepaka chokaa au saruji. Akijua jibu, lala kwa amani.

Mtaa unaofuata ni Mkunazini, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Hapa palikuwa na soko la watumwa, moja ya masoko ya mwisho ya wazi katika pwani yetu. Halikuwa hapo siku zote, kabla yake watu waliuzwa upande wa Shangani. Sultani Barghash, akibanwa na balozi mdogo wa Uingereza John Kirk na tishio la manowari, alitia saini mkataba wa kulifunga mwezi Juni mwaka 1873. Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana juu ya uwanja ule. Aliyelisimamia ni Askofu Edward Steere, yule yule aliyekusanya ngano za Unguja akazichapa mwaka 1870 na kutafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877. Steere alifariki mwaka 1882 na amezikwa nyuma ya madhabahu. Nyinyi mnaosoma haya kwa Kiswahili sanifu mna deni kidogo naye, maana vitabu vyake vilikipa Kiunguja nguvu ambayo baadaye, mwaka 1930, ilifanya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki isimamie usanifishaji wa Kiswahili chenye msingi wa lahaja hiyo. Na katika kazi ya kuchapa walisaidia vijana waliokuwa watumwa, wakaachwa huru, wakafundishwa na misheni. Majina yao hayako ukutani.

Ndani ya kanisa utaonyeshwa duara la marumaru mbele ya madhabahu, panaposemwa palikuwa mti wa kuchapia watu viboko. Utaonyeshwa msalaba uliotengenezwa kwa mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone kule Chitambo, Zambia ya leo. Utaonyeshwa nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Nje kuna sanamu za watu ndani ya shimo, wamefungwa minyororo shingoni. Ni kazi ya msanii wa Kiswidi, Clara Sörnäs, ya miaka ya 1990. Simama hapo muda mrefu kuliko utakaochukua kupiga picha.

Halafu utapelekwa chini ya jengo la Mtakatifu Monika. Hilo ni jengo la misheni lililo pembeni, na juu yake kuna hosteli ambayo wasafiri wa bei nafuu wameitumia kwa miaka mingi. Chini kuna vyumba viwili vya giza, dari fupi, unaingia umeinama. Watembeza wageni husema: humu walifungwa watumwa kabla ya mnada, wanaume huku, wanawake na watoto kule, na wengi walikufa kwa kukosa hewa. Watu hutoka mle wakilia. Na wengine wanarudi juu kulala.

Tatizo ni tarehe. Soko lilifungwa mwaka 1873. Jengo hilo misheni ililijenga baada ya hapo, karne ikielekea mwisho, kwa ajili ya huduma za hospitali yake. Wanahistoria wamelisema hili, akiwemo Profesa Abdul Sheriff, ambaye ni mwenyeji wa Unguja na aliyeandika sana kuhusu uchumi wa karafuu, pembe na watumwa. Kwa maoni yao vyumba vile ni stoo za hospitali. Ukijiuliza kwa nini wamisionari waliokuja kupinga utumwa wajenge gereza la watumwa chini ya wodi, unaona swali halina jibu.

Najua atakayeniuliza: sasa kuna ubaya gani? Utumwa si ulikuwepo? Watu si waliuzwa hapo hapo nje? Ndiyo, ulikuwepo, waliuzwa, na unyama wake hauhitaji kuongezewa chumba. Ndiyo maana inanikera. Mtu akija kugundua kwamba stoo ilikuwa stoo, kesho atasema na soko nalo ni hadithi, na wapo wanaosubiri kwa hamu kusema hivyo. Katika siasa za Unguja jambo hili si mchezo. Tangu kabla ya 1964 kumbukumbu ya utumwa imetumika kama panga: upande mmoja unaipandisha kila uchaguzi ukikaribia, upande mwingine unajibu kwa kuipunguza mpaka inakuwa kama ilikuwa ajira ya kawaida. Katikati ya hao wawili wanapotea watu wenyewe waliosimamishwa uwanjani wakatazamwa meno. Mwaka 2016 pale pale palifunguliwa maonyesho yenye maelezo marefu na ramani na nyaraka kuhusu biashara hiyo. Watu wengi wanayapita haraka kwenda vyumbani chini, kwa sababu giza lina mvuto kuliko karatasi. Ushauri wangu: fanya kinyume. Soma saa nzima, kisha nenda chini ukitaka, ukijua unachokitazama.

Na kitanda cha hosteli ya pale? Ni pazuri kulala, pa heshima na karibu na soko. Unalala kwenye jengo la watu waliotibu wagonjwa, na hilo pia ni la kujivunia.

Mengine nitayapitisha mbio kidogo. Milango: ilipohesabiwa ilizidi 500. Ile ya mraba yenye vijumba vidogo ni ya mtindo wa Kihindi. Misumari ya shaba utaambiwa ni ya kuzuia tembo. Tembo wa vita walikuwa India, Unguja misumari ilikuwa ya kuonyesha uwezo. Mnyororo uliochongwa kwenye fremu utaambiwa ni alama ya mfanyabiashara ya watumwa. Mnyororo ni nakshi, peke yake hauthibitishi kazi ya mtu. Hamamni, mabafu ya umma aliyoyajenga Barghash, nenda kwa ajili ya utulivu. Zahanati ya zamani kule Malindi, jengo la mbao za nakshi na vioo vya rangi, ilianzishwa mwaka 1887 na Tharia Topan yule yule na ikakamilika mwaka 1894 yeye akiwa ameshafariki. Nyumba aliyozaliwa Freddie Mercury mwaka 1946? Zipo kadhaa. Chagua inayokupendeza.

Lakini Beit al-Ajaib siwezi kuipitisha mbio. Barghash aliijenga mwaka 1883 mbele ya bahari, kwa nguzo za chuma, baadaye ikawa na umeme na lifti, watu wakaiita nyumba ya maajabu. Tarehe 27 Agosti 1896 Khalid bin Barghash alikataa kutoka kwenye kasri, Waingereza wakapiga mizinga, na kwa muda usiozidi dakika 45 ikawa imekwisha. Mamia walikufa au kujeruhiwa upande wa Khalid, na upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Beit al-Hukm iliyokuwa jirani ilisambaratika, Beit al-Ajaib ikasimama. Mnara wa saa unaouona kwenye picha uliongezwa baada ya hapo. Ikawa ofisi za Waingereza, ofisi za chama baada ya Mapinduzi, kisha makumbusho. Mizinga haikuiangusha. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katikati ya ukarabati uliogharimiwa na Oman, mnara na sehemu kubwa ya mbele viliporomoka na wafanyakazi wawili wakafa. Kipande chake kimoja kilikuwa kimeshaanguka mwaka 2012, na nyufa zilionekana na kila mtu aliyekaa Forodhani akila mishkaki. Kabla hujapanga safari uliza ukarabati wake umefikia wapi, na uliza pia kama makumbusho ya kasri jirani yamefunguliwa, maana humo ndimo kulikuwa na chumba cha Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyetoroka na Mjerumani mwaka 1866 na kuandika maisha yake.

Asubuhi ya mwisho, kabla ya boti, vuka barabara pale Darajani uende Ng'ambo. Wageni wachache wanavuka, na vitabu vya watalii vinaishia sokoni kana kwamba kisiwa nacho kinaishia hapo. Mwanzoni mwa karne ya 20 huku ndiko waliishi watu wengi wa mji: waliokuwa watumwa na watoto wao, mafundi, wachukuzi wa bandarini, wapishi wa majumba tuliyoyatembelea. Huku aliishi Siti binti Saad, mtoto wa shamba aliyekuja mjini akiuza vyungu, akaimba taarabu kwa Kiswahili mpaka mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi sahani za santuri. Nyimbo zao ziliwasema mahakimu na matajiri kwa majina. Kule ng'ambo ya pili wenye mawe walizisikia.

Leo kitakachokukabili kwanza ni majengo marefu ya Michenzani, yaliyoanzishwa enzi za Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Mtalii atakwambia ni mabaya. Kuna watu walipata humo maji ya bomba kwa mara ya kwanza maishani. Pita katikati yake, ingia mitaa ya nyuma, tafuta mahali pa urojo penye foleni ya wenyeji, na kula. Gesti zipo huku pia, za bei nafuu. Boti za mchana za Dar huchukua kama saa mbili, na bandarini wanataka ufike mapema na kitambulisho mkononi. Papasi watakaokufuata getini na kukuita rafiki, wajibu kwa upole kwamba umeshalala, umeshaona, na unakwenda zako.